Mlezi, Mlinzi na Mshauri: Lucy Slowe na Kazi ya Kuwaongoza Wanawake Vyuoni

Katika vyuo vikuu vyetu, afisa anayeangalia maisha ya wanafunzi nje ya darasa huitwa Mshauri wa Wanafunzi. Waingereza humwita kwa jina la Kilatini ambalo zamani lilikuwa la mkubwa wa watu kumi, kwanza jeshini, kisha katika nyumba za watawa. Kiswahili hakikushughulika na asili hiyo ya kijeshi na kitawa. Kilitazama kazi yenyewe, kikaipa jina la heshima, maana kwetu mshauri hatoi amri. Hukaa na mtu, akamsikiliza, ndipo akasema.

Wala kazi yenyewe si ngeni kwetu. Mwali aliyewekwa ndani alikuwa na kungwi wake au somo wake, na pwani yote ya Afrika ya Mashariki yamjua Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mnamo mwaka 1858. Lakini yafaa tuone tofauti moja. Kungwi alipomfunda mwali alikwisha kujua mwali huyo atakuwa nani: atakuwa mke, kisha mama, katika mji unaojulikana na kwa desturi zinazojulikana. Jamii ilikuwa imekubaliana juu ya mwisho wa safari, na kungwi akaonyesha njia tu. Msichana anayeingia chuo kikuu hana makubaliano ya namna hiyo. Huenda akawa hakimu, mhandisi, mwalimu au waziri. Huenda akawa mke na mama pamoja na hayo, na huenda asiwe. Kwa hiyo yule anayemshauri asome somo gani, aishi wapi na amjibu vipi mwalimu aliyemvunjia heshima, hana budi kuingia katika ushauri huo na imani yake mwenyewe juu ya mwanamke. Aamini lolote aliaminilo, haliachi mlangoni.

Hilo ndilo tunalotaka kulichunguza, na tutalichunguza kwanza huko Marekani, kwa sababu ndiko kazi hii ilikoanza mapema ikawa na cheo chake na kumbukumbu zake. Baadaye tutarudi Dar es Salaam.

Chuo cha Oberlin, katika jimbo la Ohio, kilifunguliwa mwaka 1833, na mwaka 1837 kikaanza kuwapokea wanawake katika masomo ya shahada. Hilo lilikuwa jambo jipya, na chuo kikajisifu kwalo. Hata hivyo mlango uliofunguliwa ulikuwa na bawabu wake. Lucy Stone alipohitimu hapo mwaka 1847 aliambiwa kwamba anaweza kuandika hotuba ya mahafali, ila mwanamume ndiye atakayeisoma mbele ya watu, kwani si adabu mwanamke kusimama jukwaani. Akakataa kuiandika. Wanawake waliowekwa kuwasimamia wasichana katika vyuo vya namna hiyo hawakutakiwa kuwa washauri wa elimu. Walitakiwa walinde: nani ametoka, nani hajarudi, nani amezungumza na nani bustanini. Twaijua kazi hiyo. Katika shule zetu za bweni mwenye kuifanya huitwa matroni, na wapo matroni wengi wema. Lakini rungu na funguo si ushauri.

Mwaka 1873 daktari mmoja wa Boston, Edward Clarke, alitoa kitabu kilichodai kwamba msichana akisoma masomo ya juu kama mvulana mwili wake utadhoofika, na uzazi wake utaharibika. Kitabu hicho kilisomwa sana, na wazazi wengi wakaingiwa na hofu. Wanawake waliohitimu vyuo hawakumjibu daktari kwa machozi wala kwa matusi. Chama chao, ambacho Marion Talbot alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 1882, kiliwaandikia wahitimu wanawake na kuwauliza habari za afya zao. Majibu ya wanawake zaidi ya 700 yalichapishwa mwaka 1885, nayo yakaonyesha kwamba elimu haikuwaua wala kuwadhoofisha. Talbot huyo huyo aliitwa Chuo Kikuu cha Chicago kilipofunguliwa mwaka 1892, akawa Mlezi wa Wanawake mpaka mwaka 1925. Mwaka 1902, mkuu wa chuo alipotaka wanawake na wanaume wa miaka ya mwanzo watenganishwe madarasani, Talbot alimpinga. Mwaka uliofuata aliwakusanya walezi wa wanawake wa vyuo vya majimbo ya katikati ya nchi, wakaanza kuzungumza juu ya kazi yao kama watu wenye taaluma moja. Hapo ndipo mlinzi wa lango alipoanza kugeuka kuwa mshauri, na waliomgeuza ni wanawake waliokuwa wamepigania nafasi yao wenyewe ya kusoma.

Lakini Talbot alikuwa mwanamke Mzungu katika chuo chenye fedha nyingi. Habari inayotugusa zaidi sisi Waafrika ni ya Lucy Diggs Slowe, na ndiye tunayetaka walimu wetu wamjue.

Slowe alizaliwa Berryville, Virginia, katika miaka ya 1880, pale ambapo utumwa ulikuwa umekoma kwa sheria lakini haujatoka katika mioyo ya watu. Wazazi wake wote wawili walifariki yeye akiwa mtoto, akalelewa na jamaa zake huko Lexington, kisha Baltimore. Mwaka 1904 aliingia Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, chuo kikubwa cha Weusi wa Marekani. Mwaka 1908, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa miongoni mwa wasichana walioanzisha Alpha Kappa Alpha, chama cha kwanza cha udugu wa wanafunzi wanawake Weusi. Alihitimu mwaka huo, akafundisha Kiingereza Baltimore, na mwaka 1915 akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia. Tuongeze, kwa faida ya wale wadhanio kwamba mwanamke msomi lazima awe mkavu kama ukurasa wa kamusi, kwamba mwaka 1917 alishinda mashindano ya taifa ya tenisi ya wachezaji Weusi, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kuwa bingwa wa taifa katika mchezo wowote. Mwaka 1919 alipewa kuanzisha na kuongoza shule ya kati ya Shaw, ya kwanza ya namna yake kwa watoto Weusi wa Washington.

Mwaka 1922 Howard ilimwita awe Mlezi wa Wanawake, wa kwanza kushika cheo hicho katika chuo hicho. Hakukubali mara moja. Aliweka masharti: awe na daraja la profesa, asikilizwe katika mambo yote yanayowahusu wanafunzi wanawake, na akae nyumbani kwake, si bwenini. Sharti hili la mwisho laweza kuonekana dogo. Halikuwa dogo. Waliokaa bwenini na wasichana walikuwa matroni; wakuu wa vitivo, wanaume, walikaa majumbani kwao. Kwa kudai nyumba Slowe alikuwa akieleza cheo chenyewe ni cha namna gani.

Imani yake twaweza kuieleza hivi. Msichana Mweusi, alisema katika maandishi yake, hutoka katika nyumba na kanisa ambamo ameamriwa tangu utoto. Akifika chuoni akaamriwa tena, atatoka na shahada lakini bila uwezo wa kuamua. Basi mshauri ampe nafasi ya kujitawala akiwa bado mahali penye usalama. Slowe alianzisha umoja wa wanafunzi wanawake uliojiendeshea mambo yake, na karamu ya kila mwaka ya wanawake wa chuo, ambamo waliosoma zamani na waliokuwa wakisoma walikaa meza moja. Aliona pia kwamba wasichana wengi mno walikuwa wakielekea ualimu tu, si kwa kupenda bali kwa kutojua kwamba ipo kazi nyingine. Mwaka 1933, katika jarida la elimu ya Weusi lililotolewa na chuo chake, aliandika akivilaumu vyuo kwa kutowaandaa wanawake kwa maisha ya uraia: uchumi, siasa, elimu ya jamii. Kazi ya mshauri wake haikuwa kujaza fomu ya masomo. Ilikuwa kumwuliza msichana swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: wewe wataka kuwa nani?

Hapa msomaji atauliza kama imani hiyo ndiyo iitwayo siku hizi ufeministi. Neno hilo limewashtua wengi kwetu, na wapo wanaolisikia kana kwamba ni tangazo la vita juu ya waume. Tukilivua kelele zake, maana yake ni kuamini kwamba mwanamke ni mtu mzima mwenye akili na haki sawa, na kutenda kwa imani hiyo hata pale inapokugharimu. Kwa maana hiyo Slowe alikuwa mmoja wao, tena alikuwa hivyo akiwa Mweusi. Wanawake Wazungu waliokuwa walezi vyuoni walianzisha chama chao cha taifa mwaka 1916, na Slowe akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuingia humo. Lakini katika miji mingi ya Marekani ya siku zile hoteli zilizowapokea wenzake hazikumpokea yeye. Upande mwingine, kati ya Weusi wenzake, aliambiwa kwamba mambo ya wanawake yasubiri mpaka mambo ya rangi yaishe. Hakusubiri. Mwaka 1923 aliongoza kuanzishwa kwa chama cha wanawake Weusi waliosoma vyuo, na mwaka 1929 akawakusanya Howard walezi wa wanawake na washauri wa wasichana kutoka vyuo na shule za Weusi, wakaunda chama chao wenyewe. Wengi wa washauri hao walitoka katika vyuo vidogo vya kusini, ambako mlezi alihesabiwa pamoja na wapishi na wasimamizi wa dobi, hana sauti katika kikao chochote. Mkutano huo uliwapa jina la kazi, na jina la kazi likiandikwa rasmi huwa vigumu kulifuta. Sisi tuliokulia katika utumishi wa serikali twalijua hilo.

Mwaka 1931 Howard ilifungua mabweni matatu mapya ya wanawake, ambayo Slowe aliyapigania kwa miaka. Yalipewa majina ya wanawake Weusi watatu: Sojourner Truth, Maria Baldwin na Julia Caldwell Frazier. Alitaka majengo hayo yafundishe kama madarasa yafundishavyo; yawe na vyumba vya kukaribisha wageni na kuzungumza, vitabu na muziki, na waangalizi wenye elimu. Kwake bweni lilikuwa mahali pa kujifunza kuishi na wenzio.

Gharama ya imani hiyo ilikwisha kuanza kabla ya hapo. Mwaka 1926 Mordecai Johnson alikuwa mkuu wa kwanza Mweusi wa Howard. Alikuwa mtu mwenye kipaji, na chuo kilikua sana mikononi mwake. Haki yake tusimnyime. Lakini mwaka 1927 mzazi mmoja alilalamika kwamba mwalimu wa kiume alitumia lugha chafu mbele ya wanafunzi wanawake darasani. Slowe aliyapokea malalamiko hayo kama sehemu ya kazi yake, akayafuatilia. Mshauri wa namna ya zamani angemwambia binti anyamaze, abadilishe kozi, aombe dua. Kwa Slowe binti aliyetukanwa darasani alikuwa amenyimwa elimu yake, na kwa hiyo lilikuwa jambo la kitaaluma, si la adabu peke yake. Tangu hapo uhusiano wake na mkuu wa chuo ukaharibika. Mshahara wake ulibaki nyuma ya ule wa wakuu wenzake wanaume, na vikao vya wakuu vikaanza kufanyika bila yeye. Mwaka 1933 akatakiwa ahame nyumba yake, aende kukaa ndani ya eneo la chuo pamoja na wanafunzi.

Barua ya kumtaka mtumishi ahame nyumba huwa na lugha ya upole. Hutaja kubana matumizi, hutaja manufaa ya wanafunzi. Miaka ile dunia ilikuwa katika mdororo mkuu wa uchumi, na sababu ya fedha ilisikika vizuri. Lakini Slowe aliisoma barua kwa macho ya yule aliyeweka masharti mwaka 1922: ilikuwa inamrudisha kwenye rungu na funguo. Wanawake waliohitimu Howard waliandika kumtetea, na wanawake wa vyama mbalimbali wakamwunga mkono. Hakuhama. Nyumba hiyo, katika mtaa wa Brookland, aliishi pamoja na Mary Burrill, mwalimu na mwandishi wa michezo ya kuigiza, na wanafunzi walizoea kukaribishwa hapo. Mwaka 1935 alishirikiana na Mary McLeod Bethune katika kuanzisha Baraza la Taifa la Wanawake Weusi. Alifariki tarehe 21 Oktoba 1937, bado akiwa na cheo chake na ugomvi wake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia cheo cha Mlezi wa Wanawake kilififia Marekani nzima. Vyuo viliunganisha ofisi za wanawake na za wanaume chini ya mkuu mmoja, na mkuu huyo mara nyingi alikuwa mwanamume. Mwaka 1972 mtaalamu mmoja, Burns Crookston, alichapisha makala iliyopata sifa kubwa, akisema kwamba mshauri wa masomo asiwe kama daktari anayeandika dawa, bali afundishe kwa kumkuza mwanafunzi aamue mwenyewe. Makala hayo yanasomeshwa mpaka leo kama mwanzo wa fikra mpya. Hatumpunguzii mwandishi heshima yake. Twasema tu kwamba mwanafunzi wa Howard wa mwaka 1925 asingeyaona mapya.

Sasa turudi nyumbani. Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wachache wa sheria, na kati yao mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba mtu asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Afanye kazi kwanza, apate ushuhuda wa tabia na juhudi yake kazini na katika Chama. Nia ilikuwa njema, nayo ilikuwa kumwunganisha msomi na mkulima na mfanyakazi. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, lakini haikuwapata wote sawasawa. Miaka ile miwili, kwa kijana wa kiume, ilikuwa miaka ya kazi. Kwa msichana ilikuwa pia miaka ya kuposwa, kuolewa na kuzaa, na ushuhuda wake mara nyingi uliandikwa na mwanamume. Idadi ya wanawake walioingia ikashuka, na mwaka 1976 wanawake wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Wapo waliolalamika kwamba huo ni upendeleo. Kwetu sisi huo ulikuwa ushauri wa kweli uliofanywa na nchi nzima: mtu alitazama njia, akaona ni wapi inawapoteza mabinti, akairekebisha.

Mwaka 1980 baadhi ya wanawake waliofundisha Chuoni hapo walianzisha, katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, kikundi cha kujifunza na kutafiti mambo ya wanawake. Wahadhiri wa namna hiyo hawakuwa na cheo cha ushauri, lakini msichana mwenye jambo zito hujua abishe mlango wa nani, na ubao wa jina mlangoni haumzuii.

Msichana mmoja hakupata mlango kwa wakati. Mwezi Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijitoa uhai baada ya kuandamwa na kudhalilishwa kwa muda na wanafunzi wa kiume. Siku zile palikuwa na desturi Chuoni ya watu wasiojulikana kubandika ukutani maandishi na michoro ya kuwafedhehesha wenzao, hasa wanawake, na wengi waliiita mzaha. Chama cha Wanahabari Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililishika jambo hilo wazi magazetini, na wanawake wahadhiri wakalisema Chuoni. Hawakuuliza kwa nini binti hakuvumilia. Waliuliza alimweleza nani, na aliyeelezwa alifanya nini.

Tukiliweka swali hilo karibu na lile la Howard la mwaka 1927, twaona kwamba ni swali moja. Linaulizwa katika kila shule ya sekondari yenye wasichana, na mwalimu anayepewa kazi ya ushauri nasaha, mara nyingi juu ya vipindi vyake ishirini na tano na bila chumba cha kukaa na mtoto faraghani, ndiye anayepaswa kulijibu. Sheria zimemwongezea nguvu. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, iliyoutaja udhalilishaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai, na sheria ya mwaka 2007 ya kupambana na rushwa ikamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma, alama za mtihani zikiwa mojawapo. Lakini jalada la polisi huanza na maneno ya mtoto kwa mtu mzima mmoja aliyemwamini, na mara nyingi mtu huyo ni mwalimu wa kike ambaye mwenyewe bado anapigania kuitwa mwalimu mkuu msaidizi badala ya mama wa bwenini.